Kaka, Nani Alimfungua Hatulii?

Mpendwa kaka,

Barua hii nimeiandika mara nne kwa mkono wangu, na kila nakala nimempa mwendesha pikipiki anayekwenda upande wa Kabambare, aisome popote atakapokuta watu wamekusanyika. Ndiyo maana nitayasema hata yale unayoyajua. Nataka anayesikiliza akujue, ili akikuona asikupite.

Unakumbuka siku ulipomleta? Mgeni mmoja aliyekuwa akipima barabara alikuwa anarudi kwao, akakuachia mtoto wa mbwa mwenye masikio yaliyolala na manyoya ya rangi ya chai ya maziwa. Kasongo nzima haikuwahi kuona mbwa wa namna ile. Majirani walicheka: "Iko mbwa ao iko kondoo?" Mama hakucheka. Alisimama mlangoni akasema, "Hapa tunaswali. Ile kitu itabaki inje."

Ukamjibu kwamba atakuwa mbwa wa kuwinda, na mbwa wa kuwinda ana sheria yake. Tukaenda wote wawili kumwuliza shehe wa mtaa wetu. Alituhesabia kwa vidole: ukimtuma aende, ukimzuia asimame, akikamata asile. Na wewe umtume kwa Bismillahi. "Akiweza hayo, nyama yake mule. Asipoweza, mumuachie yeye yote."

Tulirudi tukiona kazi ni nyepesi. Wiki ya kwanza nikampa jina la Hatulii, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alikimbiza mbuzi, akachimbua mihogo ya jirani, akaruka ndani ya karai la nguo nilizokuwa nimekwisha kuzisuuza. Ulimfunga kamba ndefu kiunoni mwako ili ajifunze kukufuata, ikawa wewe ndiye unayemfuata yeye, kandambili moja huku, nyingine kule.

Na ile Ijumaa! Ulikuwa umemfundisha neno "leta" peke yake, ukajisifu sana. Wewe uko msikitini, mimi niko nyumbani na cherehani yangu, namwona anaingia na kiatu. Anakiweka miguuni pangu, anaondoka mbio. Anarudi na kingine. Alileta viatu kumi na tatu, na hapakuwa na hata viwili vya mtu mmoja. Ulikuja peku, nyuma yako wanaume peku, ukavirudisha vyote katika karai huku umeinamisha kichwa. Mzee mmoja akasema, "Mbwa wako anakushinda dini. Leo ameenda musikiti mara kumi na tatu." Siku hiyo mama alicheka mpaka akakaa chini.

Neno gumu lilikuwa "acha". Akishika kitu hakiachi. Mimi nilikuwa namvuta, naye anafurahi, anavuta zaidi. Ukaniondoa taratibu. "Usimuvute. Ukimuvuta anazani ni muchezo. Weka mukono chini ya kidevu, ungoje." Nikakuuliza nitangoja mpaka lini. "Mpaka achoke yeye." Nilikuona unakaa pale chini ya jua, mkono umeutandaza, na mbwa anakutazama, mpaka kandambili aliyoishika ikadondoka yenyewe kwenye kiganja chako. Sikujua kwamba una subira namna ile. Kwa watu hukuwa nayo.

Halafu ukaleta mayai, ili ajue kubeba bila kuuma. Yaliyopasuka aliyala yeye, nami nikakuambia unamfundisha kupasua. Tuligombana kwa siku mbili. Siku ya tatu alitoka na yai mwisho wa uwanja, akalileta zima, na mate yakimchuruzika. Ulilinyanyua juu kama mtu aliyepata almasi.

Siku ya kwanza ya kuwinda kweli tulikwenda kwenye majani marefu ya njia ya Lusangi, na bunduki ya marehemu baba. Kanga mmoja alianguka ng'ambo ya kijito, katikati ya matete. Ulimwambia Hatulii "kaa", akakaa, mwili wote unatetemeka. Ukasema Bismillahi, ukamtuma. Tulisikia maji, kisha matete, kisha hatukusikia kitu, na wewe ulikuwa umeuma mdomo wako. Alitokea na kanga kichwa kinaning'inia, akakupa mkononi. Hukumtazama ndege. Ulinipa mimi. "Angalia kama kuna alama ya jino." Nikageuza manyoya yote. Hapakuwa na alama. Mama alimpika kwa mawese, akala, na kesho yake nikamwona anamwekea Hatulii maji kwenye sufuria ya zamani, akijifanya anaitupa tu.

Kwa hiyo sikukuelewa uliposema unakwenda Salamabila. Ulisema wachimbaji wa dhahabu wamechoka na mihogo mitupu, kwamba wewe na Hatulii mtawalisha kanga na kwale. "Mbele ya Ramadhani niko hapa," ulisema. Mwezi wa kwanza ulipiga simu. Baadaye simu ikawa haipatikani. Ramadhani ikaja, ikapita. Tulimwuliza kila aliyetoka huko, kila mmoja akatupa habari yake, na hakuna habari iliyofanana na nyingine.

Halafu, siku moja saa sita mchana, Hatulii akaingia uwanjani peke yake.

Mama alipiga vigelegele. Alijua uko nyuma yake, pengine umesimama kusalimia watu. Alifagia chumba chako, akapika wali. Tulingoja siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Siku ya nne majirani wakaanza kuingia na sura za msiba. "Mbwa haachi bwana yake akiwa muzima," walisema, na mmoja akauliza matanga tutayaweka lini. Mama akanitazama mimi. Lakini nilikuwa nimeona vitu viwili ambavyo havikukaa sawa kichwani mwangu.

Kwanza, alikuwa na kengele ya mti shingoni, ambayo si yetu. Pili, nilipopiga makofi mara mbili kufukuza mbuzi, Hatulii alilala kifudifudi papo hapo, akanitazama, anangoja. Hilo hatukumfundisha. Nikajaribu tena. Akalala tena. Mtu mwingine alikuwa amekaa na mbwa wetu kwa muda mrefu, tena kwa subira.

Nikaionyesha kengele kwa vijana wa pikipiki. Mmoja wao, anayebeba mafuta ya mawese, akaijua. "Hii ni ya Wamaza. Iko muzee mumoja kule, hasikii, hasemi. Ni yeye anazichonga."

Nilifunga cherehani, nikamweka Hatulii katikati yangu na dereva, tukaenda Wamaza. Njia nzima watu walikuwa wanasimama kutushangaa.

Mzee mwenyewe, Mzee Kalonda, alikuwa amekaa nje anachonga. Alipomwona mbwa alipiga makofi mawili, Hatulii akalala. Kisha mzee akapiga magoti akamshika shingo kwa mikono yote miwili. Nikaelewa yale makofi. Mtu asiyesema angemwitaje?

Mkewe, Mama Feza, ndiye aliyenieleza. Ulifika kwao ukitoka Salamabila, una homa kali, ukalala majuma matatu. "Alisema kule kila kitu kikianguka mu shimo, mbwa anaingia kukileta. Siku moja udongo ukamufunika. Wakamutoa kwa mikono. Akasema hatamurudisha kule tena." Ulipopata nguvu, ulimpa mzee mbwa kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu walikulisha. Mzee naye huwinda, na kanga akianguka majanini hasikii ameangukia wapi, na sasa ana wa kumletea.

"Na kaka yangu alikwenda wapi?"

"Alirudi Salamabila. Aliniambia mwenyewe, anaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu namna ile."

Mzee alikuwa anatazama midomo yetu. Akatikisa kichwa kwa nguvu, akanyoosha mkono upande wa Kasongo. Mkewe akanyoosha upande wa pili. Mzee akanyoosha tena, mara tatu, uso umekasirika. Walibishana mbele yangu kwa mikono, nami nimekaa katikati, namtazama huyu, namtazama yule, na sijui nimsadiki nani kati ya aliyesikia maneno yako na aliyeona miguu yako.

Kisha Mama Feza akanipeleka kwenye nguzo alipokuwa anafungwa Hatulii. Kamba ilikuwa bado pale. "Tazama. Haikukatwa, haikutafunwa. Siku alipopotea ilikuwa Jumapili, mimi niko kanisani. Muzee alikuwa hapa, amegeuka upande ule anachonga. Mutu alikuja akafungua, na yeye hakusikia kitu."

Nikaishika ile kamba. Nikakumbuka Hatulii alivyoingia nyumbani: nyayo hazikuchubuka, tumbo lilikuwa limejaa, manyoya yamesuguliwa. Mbwa hawezi kutembea peke yake kutoka Wamaza mpaka Kasongo akafika hivyo. Kuna mtu aliyemleta, akamlisha njiani, kisha pale karibu na mtaa wetu akamwambia aende.

Nilitaka kumwachia mzee mbwa wake, kwa kuwa wewe ulimpa. Alikataa. Alichukua ile kamba, akaifunga shingoni mwa Hatulii, akaniwekea ncha yake mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mama Feza akasema, "Anasema aliyemufungua alimupeleka kwenu. Yeye hawezi kumuzuia."

Nilimweleza mama yote. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo alikuwa anatembea?" Nikasema ndiyo, alikuwa anatembea. Akatoka nje akawaambia majirani kwamba hapa hakuna matanga, waende nyumbani kwao. Toka siku hiyo hajazungumza habari yako, ila kila akipika anapakua sahani yako, na jioni ananiambia niile mimi.

Kama ni wewe uliyemfungua, kaka, kwa nini ulimnyang'anya mtu aliyekuuguza? Kama ulimtuma aje atulinde, kwa nini hukuvuka ule uwanja mwenyewe? Ulituona? Mama alikuwa anapepeta mchele, mimi nilikuwa namwambia kitu, tunacheka. Pengine ulituona tunacheka, ukafikiri hatukuhitaji. Au hukuwa wewe hata kidogo, ni msafiri tu aliyemwonea mbwa huruma, na mimi nakulaumu bure mahali ulipo. Nafikiri hivi asubuhi, mchana nafikiri vile. Mteja alileta kitambaa cha gauni, nikamshonea mikono miwili ya kushoto.

Aibu ya mikono mitupu iache huko. Hakuna anayeingoja mikono yako na kitu ndani yake. Kama huwezi kuja bado, mwambie aliyekusomea hii aturudishie neno moja, kwamba umesimama mbele yake na amekuona kwa macho.

Kukulilia siwezi, maana sijui. Kukugombeza siwezi, maana hupo. Njoo basi, hata kama ni kugombezwa tu.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Kasongo