Mlango wa Shule, Fremu ya Halmashauri

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umeketi juu ya migomba na hauna haraka ya kuondoka. Mwanangu mdogo amelala. Kiganja changu kina lengelenge la bisibisi. Naandika ili hasira hizi zisimwangukie mtu asiyehusika.

Karibu mwezi mzima mwanangu Neema, wa darasa la kwanza, alikuwa hanywi uji shuleni. Maji pia hanywi. Akirudi nyumbani anakimbilia chooni hata begi hajashusha. Mimi nikadhani anaringa. Nilimgombeza, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita akaamka analia, akikojoa panamuunguza. Nesi wa zahanati akaniuliza, "Huyu mtoto huwa anabana mkojo?"

Anabana.

Choo cha wasichana hakina mlango. Mchwa walikula fremu, mlango ukaanguka. Wasichana wakubwa wanakwenda wawili wawili, mmoja ananyoosha kanga pale mlangoni, mwenzake anaingia. Neema ana miaka sita. Nani wa kumshikia kanga?

Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu. Kanipokea vizuri, sina la kumsema hapo. "Mama Neema, mlango tunao," akaniambia, akanipeleka stoo. Kweli upo, mpya, wa bluu, na bawaba zake, umeegemezwa nyuma ya magunia ya mahindi. Ila majengo ni ya halmashauri, na kazi za matengenezo wamegawana kwa karatasi. Kinachosimama ni cha halmashauri: ukuta, paa, fremu. Kinachofunguka ni cha shule. Kwa hiyo mlango unasubiri fremu, na mwanangu anasubiri mlango.

Jumatatu hii fremu ikaja. Nilipita pale nimembeba mdogo mgongoni, nikasimama kumwangalia fundi wa halmashauri akiisimika. Akamaliza, akapangusa mikono, akaanza kufunga vifaa vyake. Nikamuuliza, na mlango je?

"Dada, mlango haumo kwenye karatasi yangu."

Halafu akachukua chaki, akachora mstari kwenye fremu pale bawaba zinapokaa. Huku kwetu, huku kwenu. Na shule isiiguse fremu hadi ije ikaguliwe na kukabidhiwa. Lini? Watapita.

Watapita!

Nilimpigia mama yangu kule Kibondo nikamsimulia. Akacheka hadi akakohoa. Eti wao choo cha shule walichimba wenyewe, na hakuna aliyeuliza ni cha nani.

Hapo ndipo nilipoamua. Mama Divine, jirani yangu, ndiye anayepika uji wa shule, na ufunguo wa stoo anao yeye kwa ajili ya mahindi. Jana watoto walipotoka tukautoa mlango. Bisibisi niliazima kwa Mzee Issa wa duka la vifaa. Sijawahi kufunga mlango maishani mwangu. Mama Divine aliuegemeza begani, jasho linamtoka.

"Mawe wee, mama yangu! Kaza upesi, mimi sio fremu!"

Tulicheka mpaka skrubu ikaanguka tukaitafuta kwenye matope. Mlango umekaa upande kidogo. Komeo nililiweka chini, usawa wa kifua cha Neema.

Leo asubuhi nikaitwa shuleni. Bwana wa majengo kutoka halmashauri yupo, anaupiga picha mlango kwa simu. Choo kilikuwa hakina mlango muda wote huo, hakuja kukipiga picha. Kasema nimeharibu mali ya umma. Niandike maelezo, na kesho niung'oe kwa mkono wangu mpaka ukaguzi upite. Mwalimu Mkuu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sikupiga kelele. Nilimjibu, "Baba, maelezo nitaandika." La kung'oa sikulijibu.

Nimeyaandika sasa hivi, kwenye daftari la Neema. Nimeanza na mkojo unaounguza, nikamaliza na skrubu ya mwisho. Mama Divine kapita akasoma, kaniambia, "Na jina langu uliweke. Nilishika."

Nimeliweka.

Neema karudi mchana. Kaingia anatembea taratibu, kaweka begi, kakaa, kaanza kunisimulia habari za mwalimu wao. Kwenye kola ya shati lake kuna tone la uji limekauka.

Siung'oi.