Timu ya Kuogelea Iliyochaguliwa Barabarani

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya mawe saa nane, kama kawaida. Saa kumi na nusu tumeingia majini, punje za barafu bado zinaelea. Wasichana watano wamepiga kelele. Achieng hakupiga. Huingia kichwa kwanza, humwoni tena mpaka katikati ya bwawa.

Ana miaka kumi na mitano. Mama yake, aliyetoka kando ya ziwa, hufanya kazi katika kiwanda cha chai. Watu humwita mtoto wa ziwa, wakidhani kuogelea kumo damuni mwake. Alizaliwa hapa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, na ziwa hajawahi kuliona. Nilimfundisha mimi, miaka minne, katika bwawa ambalo wazungu wa mashamba ya chai walijichimbia wenyewe.

Barua ya kamati ya michezo imefika. Uteuzi wa timu ya kuogelea: Jumamosi, Silibwet. Silibwet hakuna bwawa. Nimeisoma mara mbili.

Jumanne, 3 Machi

Nimempigia mwenyekiti, Mzee Koros. Mkimbiaji wa zamani. Mtu mwema katika mambo yote isipokuwa hili. Anasema uteuzi ni wa mbio. Kilomita nane, lami.

"Madam, mapafu ni mapafu. Anayepanda mlima bila kuhema, maji ni kitu gani kwake?"

Nikamwambia maji si mlima. Akacheka. "Hata wewe ulianza kwa kukimbia."

Kweli. Nilikimbia vibaya. Ndiyo maana nikaingia majini.

Huku kila kitu huanza na mbio. Timu ya voliboli huteuliwa kwa mbio. Mwalimu wa kwaya yetu kule Kapkatet alikuwa akituzungusha uwanja mara tatu kabla ya kuimba, tufungue vifua. Nimelelewa na akili hii. Leo imenichosha.

Nina hasira. Si ile ya kulia.

Jumamosi, 7 Machi

Wasichana wengi mno. Wamesikia timu itasafiri Kisumu, kando ya ziwa, kwa mashindano.

Achieng alikimbia na viatu vya mama yake. Wa mwisho. Vijana kando ya barabara: "Mtoto wa ziwa, huku hakuna samaki!" Alimaliza akitembea, akaniambia, "Mwalimu, si ungekuja na bwawa." Nikacheka. Sikutaka kucheka.

Wa kwanza ni Chelangat, wa hapo Silibwet. Anakimbia kama anayefukuza ng'ombe aliyeingia shamba la jirani. Nikamuuliza kama anajua maji. Akasema huvuka mto kila siku. Kwa daraja.

Majina sita yakaandikwa. Wangu hata mmoja hayumo. Orodha haiendi bila sahihi ya meneja wa timu. Meneja ni mimi. Sikutia.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeitwa ofisini. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nimekumbushwa kwa upole.

Mzee Koros hakuwa mpole. "Uliogelea mpaka timu ya taifa, ukarudi na bega bovu. Sasa unatufundisha nini?"

Imeniuma. Miaka mitatu ya mtindo wa kipepeo, kisha bega. Kisha Chuo Kikuu cha Kabianga, kusomea usimamizi wa michezo, shangazi zangu wakisema nasomea kupanga viti uwanjani. Nimeyameza yote hayo. Hili sikulimeza.

Nikasema: leteni hao sita bwawani Jumatano. Waogelee mara moja tu, ukuta hadi ukuta. Wakifika, natia sahihi na kazi naacha mwenyewe.

"Wakifika," Mzee akasema, "kazi usiache. Utakimbia na sisi kila Jumamosi."

Jumatano, 11 Machi

Niliwaweka upande wa maji ya kiunoni, Achieng akiwa ndani karibu yao, mimi ukingoni na kamba. Nilijua watashindwa. Sikutaka mtu anywe maji kwa ajili ya kiburi changu.

Baridi peke yake iliwatoa watatu. Wawili walitembea chini ya bwawa mpaka ng'ambo, wakitabasamu.

"Wamefika!" Mzee Koros akasema.

"Kwa miguu, Mzee."

Chelangat alijaribu kweli. Alipiga maji kwa nguvu za ajabu na hakusogea hata hatua. Achieng alimshika kidevu, akamsimamisha. Chelangat akakohoa, akamtazama mwenyekiti.

"Mzee, mimi nitoe. Weka huyu."

Nikampa Achieng ishara aogelee. Mzee alianza kutembea ukingoni sambamba naye. Kisha akaharakisha. Kisha akakimbia kidogo, na miaka yake yote, ili asiachwe. Achieng alipogeuka ukutani, naye akageuka.

Hakuomba radhi. Alitoa kalamu, akakata majina sita moja moja, akaniuliza ya wangu. La Achieng aliliandika kwanza. Nikatia sahihi hapo hapo, karatasi ikiwa imelowa.

Jumatatu, 16 Machi

Barua. Mkataba hautaendelea. Sababu: kuidharau kamati mbele ya wanafunzi. Mtu mwingine atasafiri na timu. Sahihi chini ni ya Mzee Koros, iliyonyooka, bila haraka.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Ningekataa tena. Ningekataa mapema zaidi, na kwa sauti kubwa zaidi. Wasidhani nitaenda kuomba.

Jumamosi, 21 Machi

Timu iliondoka jana. Funguo za bwawa ninazo hadi mwisho wa mwezi.

Chelangat amekuja asubuhi, mbio kutoka Silibwet mpaka hapa, akiwa na taulo shingoni. Nimeingia majini naye. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifundisha kutoka ukingoni, kwa sababu ya bega. Limeuma. Nimebaki ndani.

Saa sita ujumbe wa Achieng, kwa simu ya mwalimu wao. "Mwalimu nimeona ziwa. Ni kubwa mpaka inachosha macho. Bwawa ya huku maji ni moto kama chai imesahauliwa mezani. Nimeogelea. Sikukaza meno."

Hakusema ameshika nafasi gani. Sikuuliza.

Nimemshika Chelangat mgongo kwa viganja viwili, nikaondoa kimoja, kisha cha pili. Ameelea mpaka nikahesabu kumi. Akasimama, akafuta macho, akauliza kama tunaweza kurudia.

Tumerudia.