Yeriko ya Himbi

Jumatatu, 5 Februari

Nimesahihisha kazi za wanafunzi asubuhi nzima. Nusu yao wanaamini mahubiri ya kwenye simu kuliko maandiko yenyewe. Nimewapa sifuri. Watalia. Walie.

Jioni nikapita kanisani kwetu Himbi kuchukua kitabu changu. Kwaya nzima iko nje, kanzu nyeupe, vitambaa vyekundu kichwani, inazunguka ukumbi wa kanisa ikiimba ule wimbo wa Yeriko. Wimbo huo uko kila mahali sasa: kwa wenye pikipiki, kwa vinyozi, kwenye baa za Kyeshero. Zunguka, zunguka, Mukanani atahama. Mkanaani, yule mwenyeji wa Yeriko. Unachezeka, sikatai. Mguu wangu ulianza kabla kichwa hakijauzuia.

Ndani ya ukumbi zinalala familia zilizokimbia vita Masisi. Kwaya inautaka ukumbi huo kwa konseri, tamasha lao la mwisho wa mwezi. Kambale, kiongozi wao, ananieleza bila haya: watazunguka kila jioni, Jumapili watapiga kelele kama watu wa Yoshua, na Mungu ataufungua ukumbi.

"Na Mungu akikawia?"

"Kamio iko tayari, Profesa."

Kamio, lori la kuwapeleka kambini, upande wa Lac Vert. Huko mabomu yanafika.

Mke wangu Kavira yuko mstari wa pili. Hakunitazama.

Jumanne, 6 Februari

Nimemwona mchungaji. "Tuwaachie vijana waombe." Mwoga. Nimemwambia hayo si maombi, ni kufukuza watu kwa mdundo. Akatazama saa yake.

Nikaenda ukumbini. Mama Uwera, anayesemea zile familia, alikuwa mlangoni anapika maharagwe kwenye makaa. Binti yake amejifungua humo ndani juzi, juu ya mkeka, kati ya mabenchi yetu. Nikamuuliza kama wanajua kwaya inaomba nini.

"Tunajua, Profesa. Ata batoto betu banazunguka nabo. Wimbo ni mutamu!"

Kweli. Jioni nikaona. Nyuma kabisa ya mstari, miguu wazi, watoto wa wakimbizi wanarukaruka wakiimba ukuta wa nyumba yao uanguke. Mbele yao waumini wetu wanaomba vilevile, na ukuta ni wa mawe ya volkano tuliyoyabeba wenyewe mabegani. Hakuna anayeona upuuzi huo. Hakuna!

Sokoni wamemwita Mama Uwera "Mukanani" usoni. Kila mtu anajua neno hilo sasa linamlenga nani: wanaosema Kinyarwanda. Mimi ni Munande wa Butembo, kama wengi wa kanisa hili. Wanangoja ninyamaze pamoja nao. Watangoja sana.

Alhamisi, 8 Februari

Redioni, kipindi changu. Nimewaka moto saa nzima. Nimesema wachimbaji wa mambo ya kale wamechimba Yeriko mpaka chini, na wengi wao hawaoni ukuta ulioanguka wakati wa Yoshua. Nimesema mtunga wimbo amechukua hadithi ya kale akaifanya rungu la kumpigia jirani. Nimesema kanisa linalojifunza Biblia kwenye baa litaishia kwenye damu.

Simu zikaanza. Profesa hana wokovu. Profesa amesoma mpaka akapotea. Mmoja akauliza ni nani aliyeninunua. Nimewajibu wote, mmoja mmoja, kwa sura na mstari. 

Nyumbani Kavira alikuwa anapiga pasi kanzu yake ya kwaya.

"Umeshinda, Papa. Kesho tutakuwa bengi kupita leo."

Ijumaa, 9 Februari

Alisema kweli. Mstari umekuwa mara mbili. Vijana nisiowajua. Pikipiki zinapiga honi kila kona. Jiwe moja likatua juu ya mabati, kile kitoto kilichozaliwa ukumbini kikalia mpaka wimbo ukaisha.

Nina hasira nao. Nina hasira na mimi. Nilijadili mawe. Ningemjadili yule mwanamke! Rahabu, aliyewaficha wapelelezi wa Yoshua, mgeni, mwenye sifa mbaya, nyumba yake imo ndani ya ukuta wenyewe. Akafunga kamba nyekundu dirishani, na waliokuwa ndani ya nyumba hawakuguswa. Hata kitabu kile chenye damu nyingi kiliacha dirisha moja. Wimbo umeliziba. Na mimi, na elimu yangu yote, nikapita mbele yake nikienda kuonyesha ninavyojua mashimo ya wachimbaji.

Nikaomba kipindi kingine kesho. Mkurugenzi wa redio akasema nitulie kwanza, mpaka mambo yapoe. Sawa. Wamechukua mdomo. Mwili ninao. Jumapili nitakaa ndani ya ukumbi.

Nikamwambia Kavira mezani. Akaacha tonge la fufu hewani.

"Na mimi niko mu mustari."

"Najua."

Tukamalizia mboga ya sombe.

Jumapili, 11 Februari

Ni usiku. Niandike kabla sijalala.

Nimeingia ukumbini baada ya ibada. Mama Uwera akanipa bidoni, dumu tupu la maji, nikalie. "Karibu, Mukanani wa Butembo!" Ukumbi mzima ukacheka. Nilihitaji kicheko hicho.

Leo walizunguka mara saba, kama ilivyoandikwa. Nje kamio inanguruma. Ndani wamama wameshakunja mikeka, maana hawana ujinga. Nikawaambia waikunjue. Wakaikunjua.

Mzunguko wa mwisho, wimbo ukakoma. Wanangoja tarumbeta. Kupitia nondo za dirisha nikamwona Kavira anatoka mstarini. Akafungua kitambaa chekundu kichwani, mbele ya kanisa zima, akakifunga kwenye nondo. Mafundo mawili. Kisha akageuka, mgongo kwetu, uso kwao.

Kambale akaita, "Mama Kavira! Rudia mu mustari!"

"Nitarudia ukisha kusoma hadisi yote, mutoto wangu. Ulisoma tarumbeta tu."

Sikumfundisha hilo. Hajawahi kukaa darasani kwangu. Alisoma mwenyewe, sijui lini.

Mama mmoja akaja kusimama naye. Wawili wengine. Kisha karibu wanawake wote wa sauti ya pili. Vitambaa dirishani kama siku ya arusi. Kambale akapiga tarumbeta, wanaume wakapiga kelele. Kelele nyembamba. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni watoto wa wakimbizi. Ukuta haukutikisika. Na hakuna kijana aliyethubutu kupita katikati ya mama zake ili atoe mkeka wa mtu.

Kamio ikaondoka tupu.

Nimefundisha sura hiyo nusu ya maisha yangu. Leo nimekaa ndani yake.

Jumanne, 20 Februari

Mchungaji hajasema ndiyo, hajasema hapana. Konseri itakuwa uani. Redio haijanirudishia kipindi. Kambale hanisalimu. Wimbo unapigwa vilevile. Naandika wa kuujibu, hata kama siwezi kuimba.

Tangu alfajiri milio ya mabomu upande wa Sake. Familia nyingine mbili zimefika getini na magodoro. Mama Uwera amewasogezea mabenchi.

Nimepita dirishani. Wamama wengine wamechukua vitambaa vyao. Cha Kavira bado kipo, kimepauka kwa jua na vumbi. Kando yake zinakauka nepi za kile kitoto. Jumapili Kavira aliimba kichwa wazi.

Nikamuuliza kama nikifungue, nikilete nyumbani.

"Acha. Batu bangali ndani."