Hasara Niliyomtwika Mama Uzi

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu za mtu mzima aliyekaa na barua hii kifuani siku kumi kabla ya kushika kalamu. Naomba unisaidie katika jambo ambalo kwa sehemu kubwa limekwisha vizuri, namshukuru Mwenyezi Mungu, ila sehemu ndogo iliyobaki ndiyo inayoninyima utulivu.

Nina umri wa miaka sitini na mbili, nimelelewa katika elimu ya dini na nimeifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na nilipostaafu, kamati ya nyumba yetu ya ibada ilinikabidhi karakana ya vitabu iliyo nyuma ya ukumbi, nami kwa kuwa niliiona ni amana na sikujua lolote la kuendesha kazi ya namna hiyo, nikajiandikisha chuoni kusomea shahada ya kwanza kwa masomo ya mwisho wa juma, na huko huketi mstari wa mbele kwa sababu ya masikio yangu, katikati ya vijana wanaoniita Babu na wanaojua kwamba kikokotoo changu hakikosi betri.

Karakana ina vitengo vitatu: uchapaji; ujalidi, yaani kutia vitabu majalada, ambao uko chini ya fundi tunayemwita Gundi; na ukarabati wa vitabu vilivyochakaa, ambao ni meza moja tu kando ya dirisha, na mama mmoja anayelea wajukuu wawili, tunayemwita Mama Uzi kwa jinsi anavyoshona kurasa zilizong'oka hadi usijue zilikuwa zimeng'oka wapi. Mwaka wangu wa kwanza wa usimamizi nilitengeneza hesabu kwa namna niliyoiona kuwa ya haki: kodi ya jengo, umeme, mlinzi na posho yangu, jumla laki tisa kwa mwezi, nikazigawa sawasawa, laki tatu kwa kila kitengo, kama baba anavyowagawia watoto wake mkate bila upendeleo. Kwa mgawo huo Mama Uzi, aliyekuwa akiingiza laki tano na elfu ishirini, na kutumia laki tatu kwa mshahara wake, uzi, gundi na kitambaa, akaonekana ana hasara ya elfu themanini kila mwezi. Nikaipeleka hesabu kwenye kamati, kitengo kikafungwa, nikamwambia mwenyewe kwa sauti ya upole, na upole ule leo unaniaibisha kuliko kama ningemfokea.

Miezi miwili ikapita, kodi haikupungua hata senti, mlinzi hakudai kidogo kwa kuwa meza moja imeondoka, laki tisa zilezile zikawaangukia wawili badala ya watatu, na ujalidi, uliokuwa na faida siku zote, ukaanza kuonyesha hasara ya elfu hamsini. Nilipomdokezea Gundi kwamba huenda na kitengo chake tukakisimamisha, aliweka brashi chini, akanitazama, akauliza, "Mzee, ukishatufunga sote, hiyo kodi utamgawia paka?" Wachapaji walicheka, nami nikaenda nyumbani nikiamini kwamba amana niliyopewa inafia mikononi mwangu.

Wakati huohuo waumini walikuwa wakilalamika kwamba vitabu vya sala vinawamwagikia kurasa mapajani, basi mwishoni mwa mwezi wa tatu nikamwita Mama Uzi arudi, naye kabla sijataja mshahara, akasema kwamba yuko tayari kukatwa hiyo elfu themanini ili asiwe mzigo kwa mtu, kwa hiyo kutoka laki mbili na elfu arobaini akashuka hadi laki moja na elfu sitini, na mimi nikakubali. Kamati ikanisifu kwa huruma yangu mbele ya watu, nami sikuzikataa sifa hizo. Tangu siku ile, imetimia miezi minne sasa, kila asubuhi akipita mlangoni pangu husema, "Mungu akutunze, Mzee, ulinirudisha nikiwa hasara."

Muhula huu ndipo tulipoanza somo la uhasibu wa menejimenti. Mwalimu wetu, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, alitufundisha kwamba gharama ambayo itabaki palepale hata kitengo kikifungwa haifai kutumika kukihukumu kitengo hicho, bali tuulize kinabakiza kiasi gani baada ya kulipa gharama zake chenyewe. Nilikokotoa pembeni mwa daftari, nikaona kwamba Mama Uzi alikuwa akibakiza laki mbili na elfu ishirini kila mwezi, na kwamba kumwondoa ndiko kulikotutia hasara. Mshauri, nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani, kwa sababu karakana haikuwa inazama, Gundi haendi popote, na hapakuwa na haja ya kufunga chochote. Nilikiandika kisa hicho kama kazi ya darasa bila kutaja mtu, nikapata alama themanini na tisa, na vijana wakanipigia makofi. Mwalimu alisubiri hadi wote walipotoka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, na huyo mama anajua?"

Hajui. Gundi nimemwambia kwamba kazi yake ipo, na amerudi kupiga mluzi, lakini kwa Mama Uzi ulimi unakuwa mzito. Katibu wa kamati, niliyemfungulia moyo, amenishauri nimwongezee mshahara kimyakimya mwaka ujao na kuiita zawadi, kwa kuwa, kwa maneno yake, watu wakianza kumtilia shaka mzee wa dini katika hesabu watamtilia shaka katika mengine. Nusu ya moyo wangu inamkubali na nusu inakataa katakata. Je, niseme, au nirekebishe bila kusema?

Mimi, mwanafunzi mzee.

*

Mzee wangu,

Kwanza pumua, una haki ya kupumua. Hukuiba, hukumpendelea mtu, na kosa lako hufanywa hata na wenye ofisi kubwa na viti vya kuzunguka. Kurudi darasani katika umri huo na kukubali kusahihishwa na binti anayelingana na kitinda mimba wako ni jambo ambalo wengi wa rika lako hawaliwezi, na kwa hilo nakuvulia kofia.

Sasa nikuseme. Swali lako si la uhasibu, na jibu lake unalijua, la sivyo usingekaa nalo siku kumi. Unachokiogopa ni asubuhi ya kwanza ambayo Mama Uzi atapita mlangoni pako asikuombee. Naelewa. Lakini dua hizo anazitoa akiamini kwamba anabebwa, na wewe unajua kwamba yeye ndiye amekuwa akibeba. Umefundisha dini miaka thelathini. Huhitaji ukurasa wa gazeti ukueleze hukumu ya kupokea dua za namna hiyo.

Katibu wako mwambie hivi: anachokiita zawadi ni deni alilolifunga katika karatasi ya kumetameta. Ukimpa hivyo, mama huyo atashukuru tena, mara hii kwa kupewa kilicho chake. Tena fedha siyo sehemu mbaya zaidi. Mwanamke huyu amekaa miezi kwenye meza ile akiamini kwamba kazi ya mikono yake haifikii hata kodi ya mahali anapokaa, na hilo haliondoki kwa nyongeza ya kimyakimya. Linaondoka akiambiwa.

Basi nenda kwake kwanza, kamati baadaye, asije akayasikia kwa mtu mwingine. Usimwite ofisini, kwa sababu mara ya mwisho mlipozungumza kwa upole alipoteza kazi. Wakati wa mapumziko vuta kiti, kaa mezani pake, mwonyeshe hesabu zote mbili, ile uliyomfukuzia na hii ya sasa, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka. Usianze na habari za chuo, na hizo alama themanini na tisa mezani pale usizitaje kabisa. Sema, "Mama, kitengo chako hakijawahi kuleta hasara. Nilikosea mimi." Halafu nyamaza. Usimweleze kwamba nia yako ilikuwa njema, maana kukufariji si sehemu ya kazi aliyoajiriwa.

Mshahara wake urudi laki mbili na elfu arobaini kuanzia mwezi huu. Kilichokatwa kwa miezi minne, jumla laki tatu na elfu ishirini, karakana imlipe kwa mkupuo, kwa kuwa karakana ndiyo iliyokipata. Ile miezi mitatu aliyokaa nyumbani iandikie kamati barua ya kuomba alipwe, uisome mwenyewe ukiwa umesimama, na ndani yake iwemo kauli kwamba huruma waliyokusifia haikuwapo. Kamati ikisitasita, anza wewe kutoa kidogokidogo katika posho yako, ambayo, kama umesahau, ni sehemu ya zile laki tisa ulizomtwika. Kuhusu heshima yako, katibu amehesabu vibaya kama ulivyohesabu wewe. Watakaokudharau kwa kukiri hawatafika watano, na wafanyakazi wako wote watajua kwamba hesabu inayowahusu inaweza kuulizwa.

Usingoje matokeo ya mtihani. Nenda wiki hii. Huenda akacheka, huenda akalia, huenda akakwambia kwamba alilijua tangu mwanzo ila nani angemsikiliza. Na akikasirika, tafadhali sana, Mzee wangu, usimsomee lolote kuhusu subira. Kaa kwenye kiti hicho mpaka amalize.