Kipande cha Kumi

Mjukuu wangu Neema,

Kwa heshima na taadhima naitangazia dunia kwamba babu yako amekubali kutupa soksi zake za kijani. Mengine ni salama, na mama yako mdogo anakusalimu.

Unauliza kama watoto wako wa shule ya Jumapili washike mishumaa wenyewe, maana wazee wa kanisa wanasema wataharibu ibada. Mwenzio niliwahi kuharibu ya watu.

Miaka ya tisini nilikuwa nasafisha nyumba ya familia moja ya Kiyahudi huku ughaibuni, mtaa wa Downsview. Kabla ya Pasaka yao mikate yote yenye chachu hutolewa ndani, kisha wazazi huficha vipande kumi vya mkate, na watoto huvitafuta kwa mshumaa na unyoya wa kufagilia makombo. Mimi mgeni sikuambiwa. Nilikuta kimoja nyuma ya redio, nikakila.

Jioni vikapatikana tisa. Baba mtu akamwambia bintiye, "Hana, mwanangu, inatosha." Binti wa miaka sita akagoma. "Ulihesabu kumi, Baba. Nyumba haijawa safi." Akapekua hadi kwenye viatu, machozi yanamlenga. Niliihofia kazi yangu, lakini macho yale yalinishinda.

"Hana, nimekila mimi."

Akanimulika mdomo kwa mshumaa, akanipangusa kidevu kwa unyoya, akatangaza, "Kumi!"

Wakubwa walijua vilipofichwa. Aliyekuwa anatafuta kweli ni yeye peke yake. Wape mishumaa, mama, na ndoo ya maji iwe karibu.

Mkate wenyewe haukuwa na hata siagi.