Gari la Mwalimu Philomena na Mguu Wangu wa Kushoto

Segese, Msalala,
Shinyanga.
14 Septemba 2025

Mpendwa binamu Nkwabi,

Mwangaluka. Shikamoo sikupi, wewe ni mtani wangu, na hata ungejaa mvi kichwa kizima (unazo, ila unazipaka piko kila Jumamosi) bado nisingekupa. Habari za Geita? Shemeji Ritha hajambo? Na Januari mwanao, mafua yamekwisha, au bado anayafuta kwa mkono wa shati kama baba yake alivyokuwa akifanya hapa kwetu? Mimi mzima. Mama naye mzima, kifua tu kinambana asubuhi. Mvua bado, ng'ombe wamekonda. Vumbi ndilo tunalo la kutosha, ukitaka nitakutumia gunia.

Utashangaa kuona barua. Hata mimi nashangaa, maana tangu nilipoikimbia shule kidato cha pili sijaandika kitu zaidi ya majina ya watu kwenye viroba vya mawe. Lakini simu yangu hupokei, na nikipiga kwa simu ya mtu mwingine, ukisikia ni mimi unasema uko barabarani, mtandao unasumbua. Basi nimenunua daftari. Barua haikatwi. Nimempa utingo wa basi la Geita akukabidhi mkononi, na nimemwomba akukabidhi shemeji akiwepo.

Mguu wangu unaujua. Mwaka juzi matimba ya duara, lile shimo letu la dhahabu, yalipoachia, kifusi kikanilalia kutoka gotini kwenda chini, ni wewe uliyenishika bega pale hospitali ya Kolandoto daktari aliponieleza kuwa kifundo hakitakunjika tena. Kutembea natembea, na wasichana wa hapa senta wanasema nina mwendo wa maringo. Lakini kushuka duarani, basi. Kukanyaga klachi, basi. Bodaboda nilijaribu, nikasimama kwa mguu wa kushoto, tukalala mtaroni wote wawili, mimi na pikipiki.

Ndiyo maana nilipowaza kazi nikawaza gari, na nilipowaza gari nikawaza la otomatiki. Vijana wa karasha wanaosaga mawe walinicheka, wakasema hilo ni gari la akina mama wa ofisini. Nikawajibu kwamba mimi nina mguu mmoja wa kazi na gari hilo linataka mguu mmoja, kwa hiyo tumeumbiana, wao wabaki na miguu yao miwili wakakanyage matope.

Na binamu, bila kujisifu, hakuna mtu Msalala nzima aliyewahi kuchagua gari kama nilivyochagua mimi. Nilizunguka Kahama miezi miwili. Nilitaka dogo, la milango mitano, ule wa nyuma ufunguke wote na viti vilale, niingize gunia la mchele na begi la abiria, halafu bado niweze kugeuza pale sokoni katikati ya maguta. Yale ya silinda tatu niliyakataa. Mjini yanakunywa kidogo, sawa, lakini pakia watu wanne uende Tinde kwenye lami, malori ya Isaka yanakupumulia kisogoni, unakanyaga mafuta na gari linakuuliza kama una uhakika. Makubwa nayo yanakunywa kama mchimbaji aliyeuza jana. Nikasema nataka injini ya elfu moja mia tatu, na tumbo la gari liwe juu kidogo, maana mashimo ya barabara yetu unayafahamu.

Nikalipata. La Mwalimu Philomena, yule mama mjane wa kule njia ya Buzwagi aliyestaafu na anarudi kwao Bukoba. Jeupe, mkono wake peke yake, na ndilo pekee ambalo fungu langu la mwisho la duara pamoja na ng'ombe wawili wa mama vililifikia. Ya yadi tuliyatazama tu. Siku ile aliponipa funguo nilijaribu uani. Nilirudi nyuma kati ya mpera na tangi la maji bila kugusa jani, mguu wangu wa kushoto umekaa pale umetulia kama mgeni rasmi. Mama wa watu akapiga makofi. Akasema atanisubiri wiki mbili.

Barabara kuu sikuthubutu, leseni yangu ni ya kujifunzia. Nikamwita dereva wa ukoo, mtu wa miaka minane kwenye usukani, aliyelelewa na mama yangu kuanzia darasa la tano mpaka la saba, akila ugali wetu na kukojolea godoro letu. Nikakuita wewe.

Ukaondoka nalo mpaka Isaka. Uliporudi uso ulikuwa mrefu. Ukafungua boneti, ukachomoa kijiti cha oili ya gia boksi, ukakifutia kwenye kitambaa, ukanionyesha weusi. Ukaniambia ninuse kama haijaungua. Nikanusa. Nilinusa nini mimi? Nilinusa ulichoniambia.

"Binamu, hili limekufa," ukasema. "Ukilinunua, utalizika kabla ya Krismasi."

Nikaenda mwenyewe kumweleza mwalimu. Nilimwambia gari lake bovu, kwa mdomo wangu huu, na yule mama akanitazama kama niliyemtukania mtoto. Nilirudi Segese kwa Hiace nikikushukuru njia nzima kwamba umeniokoa. Nilisema wabeja kwenye simu mara ngapi? Ukaitikia zote.

Wiki tatu baadaye akanipigia Bujiku, tuliyekuwa naye duara moja, ambaye sasa yuko Geita. Alikuwa anapiga kunipongeza. Alipanda gari jeupe kutoka Geita kwenda Katoro, dereva ni wewe, namba anaikumbuka kwa sababu nilikuwa nikimwimbia namba ile kwenye simu kama wimbo. Nikamuuliza gia zinateleza? Akasema gari linakwenda kama maji, hata usingizi lilimletea.

Kesho yake nikapanda kwenda Kahama. Mwalimu Philomena alikuwa anafunga masufuria. Hakunikasirikia, na hapo ndipo niliposhindwa pa kuweka uso.

"Si ulimtuma binamu yako?" akaniuliza. "Alisema unaona aibu kurudi. Nikampunguzia, kwa ajili ya mguu wako."

Nkwabi. Umepunguziwa kwa mguu wangu. Mimi nilikaa chini ya kifusi kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana, wewe ukaenda kupokea pole. Na kile kitambaa, nimekaa nikakumbuka, ulikitoa mfukoni mwako. Kilikuwa cheusi kabla hakijagusa kijiti.

Nilipokuandikia ujumbe ukajibu mara moja tu, maneno manne: "Binamu, ni utani tu." Nimeusoma ujumbe ule mpaka kioo kikapata joto.

Sasa nikueleze utani, maana naona Geita wamekusahaulisha. Babu alipofariki ulivaa kofia yake, ukalala kwenye kitanda chake, ukasema huamki mpaka upewe jogoo. Waombolezaji wakacheka mpaka bibi naye akacheka, akatoa jogoo, ukaamka. Huo ndio utani. Mtani anachukua mchana, mbele za watu, huku anapiga kelele, na mwenye mali anajua nani kachukua na kwa nini. Ungekuja hapa ukakaa kwenye gari langu ukagoma kushuka, ningekuchinjia mbuzi. Lakini mtani haendi kwa nyuma, hadanganyi mjane, halafu akakata simu. Kwa Kisukuma au Kiswahili, huo una jina jingine, na jina hilo sitaliandika kwenye barua itakayosomwa na shemeji.

Haya yote ningeyabeba. Nina kifua, wanajua. Jambo lisilobebeka ni hili ninalokuandikia sasa.

Spika ya kusikilizia ya simu yangu ilikufa, kwa hiyo naongea kwa spika kubwa na kila anayenipigia anasikika uani kote. Siku ile ya Bujiku mama alikuwa anapepeta mtama. Akasikia kwamba Nkwabi ndiye aliyelichukua gari la mwalimu. Alipiga kigelegele, binamu. Jirani yetu Serafina akaja mbio akidhani kuna mchumba. Mama akamwambia mtoto wa kaka yake amemkombolea Masalu gari, na amenyamaza kwa sababu anataka kuja nalo ghafla. "Nkwabi nilimlea mwenyewe," akasema, "namjua alivyo na siri."

Nilifungua mdomo nimwambie. Kikatoka kikohozi.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nikamkuta na panga kwenye ua wa minyaa, upande wa barabara. Anakata pa kupita gari. Alipima upana kwa mikono, akanyoosha hivi, akaongeza hatua moja, akasema dereva mwenyewe bado mgeni. Utomvu ukamrukia jichoni. Tulimwosha kwa maji ndoo nzima, jicho likavimba siku tatu, na la pili likimwelekeza akarudi kumalizia. Sasa kuna uwazi mkubwa pale. Ndama wanatoka, mbuzi wa watu wanaingia, kila anayepita anauliza na mama anamjibu kwa jina lako. Akisikia gari barabarani anasimama.

Gari sikuombi. Nakuomba uje. Njoo Jumapili ijayo, saa ya watu kutoka kanisani, upite pale alipokata. Ukija kuniachia funguo, yamekwisha, nitakutania mpaka nizeeke. Ukija na gari lako, vilevile pita, shuka, umwambie shangazi yako mwenyewe kuwa ni lako. Mimi sitasema kitu, nitasimama karibu nimshike asianguke. Usipokuja, Jumatatu nitaanza kuchomeka minyaa pale kwenye uwazi. Ule mti hautaki maji wala mbolea, unajua unavyoota. Minyaa ikishaziba pale, nitamweleza mama, na kwetu hutakuwa na pa kuingilia.

Msalimie shemeji Ritha, nampa pole kwa yale ambayo hakuyajua. Mbusu Januari, baada ya kumfuta. Mjomba Mwigulu akifika huko mwambie nampa shikamoo yake na ya kwako ambayo sikukupa. Mama anakusalimu sana. Amenisimamia hapa akaniuliza naandika nini, nikamwambia nakuandikia wewe, akasema niongeze neno lake: uendeshe polepole, kuna ng'ombe wengi barabarani.

Mungu akulinde njiani, ikiwa unakuja.

Ni mimi binamu yako, ninayekupenda mpaka Jumapili,
Masalu