Nimezima Motion Blur, Chebet Hayupo

Jumapili. Mvua ilianza saa nane na bado haijachoka. Mtaa wetu wa West Indies wote ni matope, na mimi nimejifungia kwa nyumba na blanketi na moyo mzito.

Leo nimezima motion blur.

Kwa asiyejua, ni ule ukungu ambao gemu huweka gari likishika kasi, miti na nyumba za kando zinavutika kama rangi iliyopanguswa kabla haijakauka. Mimi niliupenda ajabu. Ukiutoa, nilikuwa nikisema, hizo si mbio tena, ni picha za pasipoti zikipita. Tena mashine yangu ni ya mtumba, picha zinakwamakwama, na ukungu unaficha hiyo aibu. Hayo yote ni kweli. Ningeyatetea hata mbele ya hakimu, na shida yangu iko hapo.

Chebet alikuwa mpenzi wangu kwa miaka miwili. Anafunza nasari huko Plateau. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja na mahindi ya kuchemsha, tukagawa skrini nusu kwa nusu, tukashindana magari mpaka jioni. Alinishinda mara nyingi, na sijawahi kumwambia mtu.

Halafu akaanza kusema ule ukungu unamuumiza kichwa. Akaniomba niuzime. Nikamwambia atazoea. Akaniomba tena, nikamfungulia video za wajuzi wa gemu wakiusifu. Siku moja alikimbia chooni akatapika, na aliporudi nikamweleza, kwa upole kabisa, vile jicho la binadamu hufanya kazi. Mimi, karani wa duka la misumari na simiti!

Aprili akaacha kuja. Nilidhani amenuna. Nikamchokoza kwa simu, eti ameogopa kushindwa. Siku aliyoniacha tulikuwa tumesimama mjini, nje ya benki, na hakupandisha sauti.

"Nilikuambia kichwa inaniuma," alisema, "na wewe ukanielezea kwa nini haifai kuuma."

Nilimwangalia akivuka barabara.

Nimelia leo, wacha niseme ukweli. Bila ukungu picha zinakwama, ndiyo, lakini naona barabara yote, kona, mawe, hata watazamaji wakipunga mikono. Si mbaya. Ningeishi nayo hivyo miaka yote. Kuzima ni kubonyeza mara moja tu, na mimi nilibishana miezi.

Nikashika simu nimwandikie. Kujisomea, nimejaza aya tatu na zote ni za kasi ya picha. Hata sasa! Nikafuta zote, nikatuma maneno machache: pole kwa kile kichwa.

Amejibu sasa hivi.

"Asante. Iliacha kuuma nilipoacha kuja."

Nimeisoma mara nne. Kidole kilikuwa tayari kinatafuta cha kumweleza, nikakizuia. Mara hii nimemwamini tu.